Mikaeli na Watoto: sikukuu isiyoishia kanisani

Mtoto wangu wa mwisho alikuwa na miaka mitano aliponiuliza, "Mama, Mikaeli ana watoto wangapi?"

Ilikuwa Jumamosi jioni. Mimi namenya ndizi, yeye amekaa kwenye kigoda anarudia aya aliyopewa na mwalimu wake wa shule ya Jumapili. Wiki nzima alikuwa akilisikia jina hilo kwa dada zake, kwa mwalimu, na kwenye matangazo ya ibada: Mikaeli na Watoto. Kwa sikio la mtoto hilo ni jina la familia. Mikaeli ni baba fulani, ana watoto wake, na kesho wote wanakuja kanisani.

"Hana watoto," nikamwambia. "Mikaeli ni malaika."

"Sasa hao watoto ni wa nani?"

Nikaendelea kumenya ndizi. Nimebatizwa katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), nimepata kipaimara humo, na sikukuu hii nimeisherehekea tangu sijajua kusoma. Nimevaa gauni jeupe, nimesahau aya mbele ya usharika mzima, nimelia, nimepewa pipi nikanyamaza. Lakini kwa nini malaika mkuu na watoto wadogo wamewekwa siku moja, hilo sikuwahi kuambiwa, wala sikuwahi kuuliza.

Kwa msomaji asiye Mlutheri, nieleze kidogo. Kila mwaka, Jumapili iliyo karibu na tarehe 29 Septemba, sharika za KKKT huwaachia watoto ibada. Wao ndio wanaosoma masomo, wanaimba, wanasema aya kwa kichwa, wanaigiza, wanapitisha vikapu vya sadaka. Wazee wa kanisa siku hiyo wanakuwa wasikilizaji. Ibada ikiisha kuna mnada nje, kama Jumapili nyingine: mayai, kuku, mkungu wa ndizi, na utamwona mtoto wa darasa la tatu akishindana bei na mtu mzima kwa sababu shangazi yake amemnong'oneza aongeze mia tano. Saa nane mchana watu wametawanyika. Gauni jeupe linavuliwa lisichafuke, linatundikwa likisubiri Krismasi.

Hapo ndipo sikukuu hii inapokatika, na ndipo ninapoona tumeipunguza. Mambo yake makubwa ni ya nyumbani.

Tarehe yenyewe ni ya zamani sana. Katika karne ya 5 Wakristo wa Roma waliweka wakfu kanisa la Mikaeli nje ya mji, kando ya barabara ya Salaria, na ukumbusho wa siku hiyo ukabaki kwenye kalenda ya Kanisa la magharibi. Miaka elfu moja baadaye Martin Luther na wenzake walipoanza matengenezo ya Kanisa, walipunguza sikukuu nyingi za watakatifu. Ya Mikaeli hawakuiondoa. Walikataa watu kuwaomba malaika, lakini hawakukataa kumshukuru Mungu kwa ajili yao, kwa sababu malaika wametajwa waziwazi katika Maandiko. Philipp Melanchthon, mwenzake Luther pale Wittenberg, alitunga hata wimbo wa Kilatini wa shukrani hiyo. Mikaeli mwenyewe anatajwa katika kitabu cha Danieli, katika waraka wa Yuda na katika Ufunuo sura ya 12, pale vita inapotokea mbinguni. Jina lake kwa Kiebrania ni swali: nani aliye kama Mungu?

Na watoto? Jibu lilikuwa kwenye somo la siku. Tangu zamani Injili ya siku ya Mikaeli ni Mathayo 18. Wanafunzi wanamwuliza Yesu ni nani aliye mkubwa katika ufalme wa mbinguni. Yeye anamwita mtoto mdogo, anamsimamisha katikati yao. Kisha anawaonya wasimdharau hata mmoja wa wadogo hawa, kwa maana malaika wao huko mbinguni wanautazama uso wa Baba daima. Basi. Malaika na watoto wamekutana katika sentensi moja ya Yesu, na kalenda ikawaweka pamoja. Wakristo wa Sweden na Finland, ambao wamisionari wao walikuja pia Tanzania, hadi leo wana Jumapili yao ya Mikaeli, na mtoto aliyesimamishwa katikati ndiye somo lao pia.

Kwa hiyo mwanangu alikuwa ameuliza swali zuri kuliko nilivyodhani. Watoto hao ni wa nani? Ni wale wenye malaika wanaotazama uso wa Mungu. Nilimjibu hivyo wiki moja baadaye, na alikuwa bado anakumbuka kwamba aliuliza.

*

Bibi yangu, mzaa mama, aliishi Machame, kule wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig Mission walikoanzia kazi yao Kilimanjaro mwaka 1893. Alikuwa na Katekisimu Ndogo iliyochakaa hadi jalada likashonwa kwa uzi wa gunia. Jioni, kibatari kikiwa mezani na sisi wajukuu tumejibana kitanda kimoja, alisimama mlangoni akasema sala, nasi tukifuatisha. Sala ilimshukuru Mungu kwa kutulinda mchana, ikaomba msamaha wa makosa, ikaweka mwili na roho mikononi mwake, na mwisho ikaomba malaika wake mtakatifu awe pamoja nasi ili yule adui asiwe na nguvu juu yetu. Kisha alisema neno lake la kila siku, "Haya, laleni na furaha," akapuliza kibatari.

Nilidhani sala ile ilikuwa ya bibi. Nilikuwa mtu mzima, mama wa watoto wawili, nilipoikuta kwenye Katekisimu na kugundua kwamba ni ya Luther, na kwamba hata lile agizo la kwenda kulala mara moja kwa furaha limo mlemle. Bibi hakuwa ameongeza kitu.

Katekisimu Ndogo ilitoka mwaka 1529. Mwaka uliotangulia Luther alikuwa amezunguka sharika za Saksonia akakuta watu hawajui Baba Yetu wala Amri Kumi, na baadhi ya wachungaji nao hawajui. Alirudi amehuzunika. Kitabu alichokiandika hakikuwalenga wachungaji peke yao. Sura zake zinamtaja mwenye nyumba: hivi ndivyo anavyopaswa kuwafundisha watu wa nyumbani mwake kwa njia rahisi. Na kabla hazijawa kitabu, sehemu zake zilichapwa kwenye karatasi kubwa za kutundikwa ukutani, kama sisi tunavyotundika kalenda. Mafundisho ya Kilutheri yaliwekwa ukutani nyumbani, watoto wakipita wakayaona.

Ninapowasikia wazazi wenzangu wakisema, "Mambo ya dini mwalimu wa shule ya Jumapili atawafundisha," huwa nazikumbuka karatasi zile. Mwalimu anakaa na mtoto saa moja na nusu kwa wiki, tena wakiwa arobaini darasani.

Sala ya asubuhi na sala ya jioni, zote mbili za Katekisimu, zinafikia kwenye ombi lilelile la malaika mtakatifu. Maana yake Mlutheri anayesali kwa kitabu chake anamtaja malaika mara mbili kila siku ya mwaka. Jumapili ya Septemba ni ile ambayo usharika mzima unasema kwa sauti kubwa jambo ambalo nyumbani linasemwa polepole. Kama nyumbani halisemwi, mtoto anapanda madhabahuni kusema aya juu ya kitu asichokijua.

*

Luther hakuandika hayo akiwa mtu asiyejua kelele za watoto. Yeye na mkewe, Katharina von Bora, walizaa sita, wakalea na yatima wa ndugu zao, katika jengo lililokuwa nyumba ya watawa pale Wittenberg. Mwaka 1530, akiwa mbali katika ngome ya Coburg, alimwandikia mwanawe mkubwa, Hans, aliyekuwa na miaka minne tu. Barua hiyo ipo hadi leo. Anamsimulia bustani nzuri ambayo watoto ndani yake wamevaa vikoti vya dhahabu, wanaokota matofaa na mapeasi chini ya miti, wanapanda farasi wadogo wenye hatamu za dhahabu na matandiko ya fedha. Anamwambia kwamba akisali na kujifunza ataingia humo, na marafiki zake pia, wana wa rafiki zake baba yake, aliowataja kwa majina yao ya utani. Nimewasomea wanangu barua hii kwa maneno yangu mwenyewe, matofaa nikayafanya maembe. Yule mdogo aliuliza kama kuna baiskeli. Nikamwambia Luther alitaja farasi kwa sababu baiskeli zilikuwa hazijatengenezwa, na kwamba mwenye bustani anajua anachokipenda kila mtoto.

Lakini kuna sehemu nyingine ya habari za nyumba ile, na nadhani haifai kuwaficha watoto wakubwa. Elisabeth, binti yao wa kwanza, alikufa mwaka 1528 akiwa na miezi minane. Magdalena, aliyezaliwa mwaka uleule Katekisimu ilipotoka, alikufa tarehe 20 Septemba 1542, umri miaka 13, mikononi mwa baba yake. Siku tisa baadaye ilikuwa sikukuu ya Mikaeli.

Binti yangu mkubwa alipofika darasa la sita alifiwa na rafiki yake wa dawati moja. Jioni ya sikukuu, tulipofika kwenye ombi la malaika, alinyamaza, kisha akasema, "Malaika wa mwenzangu alikuwa wapi?" Baba yake alinitazama, mimi nikatazama chini. Nilimwambia ninachokiamini, nacho ni kidogo. Sala ya Luther haimwahidi mtu kwamba hatakufa. Inaomba adui asiwe na nguvu juu yetu, na kifo cha mtoto aliye mikononi mwa Mungu si ushindi wa adui. Kisha nikamsimulia Magdalena. Nilimwambia kwamba aliyeandika sala hii alimzika binti yake, na baada ya kumzika hakuifuta kwenye kitabu. Hakujibu kitu. Aliimalizia sala mwenyewe.

Nimesikia watu wazima wakiwatisha watoto kwa mashetani ili watulie. Usipolala, litakuja jitu. Ukitoka nje usiku, utakutana na mapepo. Mtoto anakua akimjua adui kwa sura na kwa jina, na mlinzi wake hamjui. Ufunuo 12 unasimulia vita, ni kweli, lakini unaisimulia kama vita iliyokwisha: joka limeshindwa, mahali pake hapakuonekana tena mbinguni. Umeme ukikatika usiku na mtoto akalia gizani, ajue hilo. Wala hahitaji kujua jina la malaika wake. Wanangu walitaka kuwapa wao majina, nikawakataza kwa upole. Kanisa letu linamwomba Mungu amtume malaika, halimwombi malaika, na mtoto anaweza kuielewa tofauti hiyo ukimwambia kwamba anayepigiwa simu ni Baba, naye Baba ndiye anayeamua nani aje.

*

Mwaka 1726, siku ya Mikaeli, kwaya ya Leipzig iliimba kantata mpya ya Johann Sebastian Bach kuhusu vita ile ya mbinguni. Inaanza kwa kishindo, sauti zinakimbizana bila hata ala kutangulia. Lakini katikati yake kuna mahali panapotulia kabisa. Mwanamume mmoja mwenye sauti ya juu anawasihi malaika wakae naye, wamshike asianguke, na huku yeye anaimba, tarumbeta inapiga polepole juu yake tuni ya wimbo wa kanisa unaoomba malaika waichukue roho saa ya kufa. Waumini wa Leipzig waliujua wimbo ule. Tarumbeta ilitoa tuni tu, maneno wakayasikia wenyewe moyoni.

Nilipoisikiliza mara ya kwanza niliwakumbuka wapiga matarumbeta wa Kilimanjaro. Mtu aliyekulia Uchaggani anajua jambo hili: kundi la matarumbeta linapotangulia jeneza kuelekea migombani likipiga tuni peke yake, hakuna mtu anayeimba, na kila mtu anayasikia maneno. Wamisionari wale waliotoka Leipzig mwaka 1893, mji uleule wa Bach, hawakuja na Katekisimu peke yake. Sasa kila mwaka, jioni ya sikukuu, tunawasha simu, tunaiweka ndani ya bakuli tupu ili sauti ikue, na watoto wanasikiliza tarumbeta ile. Dakika saba hivi. Yule wa kati hulala kabla haijaisha, na sijawahi kumwamsha.

*

Mengine tunayofanya nyumbani ni madogo. Jumamosi tunatoa vyeti vya ubatizo kwenye bahasha ya kaki vinamokaa pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Kila mtoto anasoma chake kwa sauti: tarehe, usharika, mchungaji, wasimamizi. Wanapigiwa simu wasimamizi wao wa ubatizo, na mtoto ndiye anayezungumza. Msimamizi mmoja alinyamaza kwenye simu hadi tukadhani mtandao umekatika. Alikuwa analia. Miaka tisa tangu abebe mtoto yule pale kwenye beseni la ubatizo, hakuna aliyekuwa amemkumbusha.

Jumapili mchana watoto wanachagua chakula. Mwaka wa kwanza walichagua chipsi mayai, nasi watu wazima tukala chipsi mayai sikukuu. Wanakaa kwenye viti vyetu. Na kabla ya kula, baba yao anachukua jagi na beseni, anaanza kwa yule mdogo kabisa, anawanawisha mikono mmoja mmoja, taulo begani. Katika nyumba zetu mtoto ndiye anayewanawisha wakubwa, na ni adabu njema, siku nyingine 364 tunaishika. Shemeji yangu alikuwepo mara ya kwanza akasema, "Mtawaharibu hawa." Mume wangu akamjibu, "Shemeji, wanafunzi waliuliza nani mkubwa. Akaitwa mtoto." Shemeji akanyoosha mikono naye anawishwe, wa mwisho.

Kuna jambo moja lililo gumu kuliko yote, na mara mbili nimetaka kuliacha. Jioni, kabla ya sala, tunawauliza watoto kama kuna kitu tulichowatendea mwaka huu kikawaumiza. Mathayo 18 ina jiwe la kusagia. Yesu anasema juu ya mtu anayemkosesha mmoja wa wadogo hawa kwamba afadhali angefungiwa jiwe hilo shingoni akatoswa baharini. Hayo ni maneno makali kuliko mengi aliyoyasema, na yako katika somo la sikukuu ya watoto, aya chache tu kabla ya malaika. Kwa hiyo tunauliza, na tumekubaliana mimi na baba yao kwamba anayeambiwa hajitetei. Mwaka jana wa kati aliniambia, "Mama, ulinisema mbele ya rafiki zangu kwa sababu ya hesabu." Nililikumbuka tukio lile. Mimi nilikuwa nimelisahau jioni ileile. Yeye alikuwa amelibeba miezi mitano. Nikamwomba msamaha. Ninaamini kwamba mtoto anayeweza kumwambia mama yake neno dogo namna hiyo, siku akitendewa jambo baya na mtu mwingine ataweza pia kulisema.

Hiyo ndiyo sababu inanisumbua nionapo sikukuu hii inageuzwa kuwa maonyesho. Nikiwa mtoto nilikuwa na rafiki ambaye hakuja kanisani Jumapili ya Mikaeli kwa sababu sare ya kwaya ya watoto ilitakiwa, na kwao hapakuwa na fedha ya kitambaa. Alikaa juu ya mti wa mparachichi nyuma ya kanisa akatusikiliza. Aya zetu zote alizijua kuliko sisi. Siku iliyowekwa ili asidharauliwe hata mmoja, mmoja alikuwa juu ya mti, na sisi tulipigiwa makofi. Sijasahau, na kila ninapoombwa mchango wa sare ninauliza kwanza ni watoto wangapi hawajaweza.

Basi, mzazi mwenzangu, mlezi, babu, bibi, Jumapili hiyo ikifika, mpeleke mtoto ibadani, msikilize akisema aya yake, na akisahau mtabasamie. Halafu mrudishe nyumbani, na sikukuu irudi naye. Mnawishe mikono. Muulize, unyamaze, usikilize. Usiku mwachie yeye aongoze sala ya jioni. Imo katika Katekisimu Ndogo, baada ya mafundisho ya sakramenti, na kuisoma yote hakuchukui hata dakika moja.